Kishikio kilichomtoka bibi mkononi: kisa cha mlango mmoja wa mvule, Tanga

Nyumba yenyewe iko Chumbageni, Tanga. Ni ya miaka ya 1950: kuta nene, dari ya juu, na milango yote ya ndani ni ya mvule, ile ya fremu na paneli iliyoungwa kwa mkono. Mlango nilioitiwa ni wa chumba cha kulala cha mama mwenye nyumba, bibi aliyepita miaka 80, ambaye vidole vyake vimekazwa na baridi yabisi. Asubuhi moja alishika kishikio cha mviringo cha shaba ili atoke, kikazunguka bure. Akakivuta, kikabaki kiganjani. Alipotia kidole tunduni, kile chuma cha pembe nne kinachounganisha kishikio cha ndani na cha nje kikasukumika, kikaangukia sebuleni. Nyumbani alikuwepo mjukuu peke yake, wa darasa la sita. Mtoto akakiokota chuma, akakirudisha, akazungusha. Ulimi wa kitasa haukurudi ndani. Mlango ulifunguka alipopitisha kisu chembamba kwenye mwanya na kuusukuma ulimi kidogo kidogo.

Nakieleza kisa hiki chote, tangu uchunguzi mpaka ukaguzi wa mwisho, kwa sababu milango ya namna hii bado imejaa kwenye nyumba za zamani, Tanga, Moshi, Dar es Salaam, Mombasa, na inaumia kwa njia ile ile. Mtu anakwenda dukani, anapenda kishikio, ananunua, halafu mlango unalazimishwa ukubali.

Hapa pia walishanunua. Nilipofika nilikuta boksi mezani: kitasa cha mviringo cha kisasa, kile chenye kitufe katikati, kama vilivyo kwenye nyumba nyingi za wageni. Na kwenye mlango kulikuwa na duara limeshachorwa kwa penseli. Fundi aliyenitangulia alikuwa amekwenda kutafuta drili. Namshukuru Mungu hakuipata siku hiyo.

Bibi alikuwa amekaa barazani. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kunifungia au kunifungulia?"

Nilimwambia nimekuja kumfungulia. Swali lake lilinikaa kichwani kazi nzima, kwa sababu ndilo hasa lililokuwa likishindaniwa mle ndani. Binti yake alitaka mlango usiwahi tena kumfungia mama. Mama mwenyewe alitaka aendelee kuufunga anapobadili nguo na anapotaka faragha yake. Mkwe alitaka kitu kipya kinachong'aa, kwa kuwa tayari amelipia. Kitasa kilitakiwa kiwajibu wote, na mlango nao ulikuwa na masharti yake.

Nianze na kilichokuwa kwenye boksi. Kitasa cha namna hiyo ni kizuri mahali pake. Aliyekiendeleza ni Walter Schlage, mzaliwa wa Ujerumani aliyefanyia kazi San Francisco, Marekani, miaka ya 1920, na sifa yake kubwa ni wepesi wa kukifunga: tundu moja la mviringo usoni mwa mlango, kwa kawaida la milimita 54, na tundu dogo la ulimi ubavuni, basi. Mlango ambao haujawahi kutobolewa unakipokea upesi.

Mlango wa bibi ulishatobolewa zaidi ya nusu karne iliyopita. Kitasa chake ni cha kuzamishwa: boksi la chuma lililoingizwa kwenye shimo lililochimbwa kwa patasi ubavuni, ndani ya ubao wa pembeni wa mlango. Nilipima unene wa mlango nikapata milimita 44. Shimo lina upana wa 17, kwa hiyo kila upande umebaki ukuta wa mbao wa milimita 13 na ushei tu. Shimo limeingia ndani milimita 78, na ubao wenyewe wa pembeni una upana wa 110. Sasa fikiria kutoboa duara la milimita 54 katikati ya hapo. Tundu lingekata kuta zote mbili za shimo, na kati ya duara na ukingo wa mlango pangebaki ngozi mbili za mvule zenye uwazi katikati, ndizo zibebe kishikio kinachovutwa kila siku. Kitasa cha aina hiyo hukaza kwa kubana mlango kutoka pande mbili. Ukiubana uwazi, mbao zinapasuka. Zaidi ya hapo, tundu la zamani la ufunguo, lililo milimita 57 chini ya kishikio, lingebaki wazi, chini kidogo ya sahani mpya, yaani bati linalozunguka kishikio usoni mwa mlango, na mtu angeweza kuchungulia chumbani kwa bibi.

Niliwaambia kitasa kirudishwe dukani kama duka linakubali, na kama halikubali kikae, kuna mlango mpya wa stoo nyuma ya nyumba utakaokifaa. Mkwe hakufurahi. Nikamwekea rula kwenye ukingo wa mlango, nikamwonyesha lile duara la penseli linavyolala juu ya shimo, akaelewa mwenyewe.

Swali la kwanza la fundi kwenye kisa kama hiki ni kwa nini kishikio kimetoka. Kishikio cha shaba kilichokaa miaka yote hiyo hakitoki kwa sababu ya uzee peke yake. Kuna kitu kimekuwa kikikilazimisha.

Nilianza na kile chuma cha katikati. Kwa kipimo cha zamani ni cha inchi 5/16, ambayo ni karibu sawasawa na milimita 8 za leo. Pembe zake zilikuwa zimelika upande mmoja mpaka zimekuwa kama za mviringo, na skrubu ndogo ya shingoni mwa kishikio, inayokibana kwenye chuma, ilikuwa imekula hesi yake yote, ile mistari ya kujikazia. Hiyo ndiyo sababu ya kishikio kutoka. Lakini pembe za chuma haziliki hivyo kama ulimi unateleza vizuri. Zinalika pale mtu anapozungusha kwa nguvu kitu kisichotaka kuzunguka.

Nikachukua chaki, nikapaka kwenye ncha ya ulimi, nikafunga mlango polepole mpaka ulimi ukagusa bati la kwenye fremu, nikafungua. Alama ya chaki haikuwa kwenye tundu la bati. Ilikuwa chini yake, kwenye chuma chenyewe, na pembeni mwa alama kulikuwa na mng'aro wa chuma kilichosuguliwa muda mrefu. Nilipima: ulimi ulikuwa milimita 4 chini ya mahali unapotakiwa. Mtu mmoja zamani aliliona tatizo hili akalitibu kwa tupa, akaliongeza tundu la bati upande wa chini. Mlango ukaendelea kushuka, ulimi ukaendelea kusugua.

Mlango ukishuka, tazama bawaba ya juu. Skrubu zake mbili kati ya tatu zilitoka kwa vidole. Kwenye matundu mlikuwa na njiti za kiberiti, ile dawa ya haraka ambayo kila mtu amewahi kuitumia na ambayo kwenye mlango mzito wa mvule haidumu. Basi mnyororo wote ulikuwa huo: bawaba imelegea, mlango umeshuka, ulimi unasugua bati, mkono unalazimisha, chuma kinalika, kishikio kinatoka. Na anayelazimisha ni bibi mwenye baridi yabisi. Kila asubuhi kwa muda mrefu alikuwa akipigana na bawaba bila kujua, akidhani ni vidole vyake vinazidi kudhoofika. Binti yake alipolisikia hilo alinyamaza kidogo, kisha akasema mama alishaacha kwenda msalani usiku peke yake kwa sababu ya ule mlango.

Kitasa chenyewe nilikitoa kwa subira. Bati la mbele, lile linaloonekana ubavuni mwa mlango, lilikuwa limefunikwa na rangi na vanishi za miaka mingi, na hapo ndipo mbao nyingi huchanika. Kwanza nilipitisha kisu chenye makali kulizunguka bati lote, ili vanishi ikatike na isivute nyuzi za mbao. Nikasafisha mifereji ya skrubu kwa ncha ya kisu, nikaweka tone la mafuta, nikasimamisha bisbisi inayojaa mfereji wote, nikaigonga kwa nyundo mara chache kabla ya kuzungusha. Kugonga huko kunavunja kutu iliyoshika. Tanga ni mji wa bahari, na chumvi ya hewani haibagui, inaingia hata kwenye skrubu iliyofunikwa rangi. Skrubu zilipotoka, nilipitisha bisbisi ndefu kwenye tundu la chuma cha katikati, nikakivuta kitasa kije mbele kwa kukigonga kidogo kidogo kutoka pande zote mbili za mlango. Kamwe usiingize patasi chini ya bati la mbele ukakwanyua. Ukingo wa mlango ukivunjika hapo, hakuna kiraka kitakachofichika.

Kilipotoka mkononi, nilikifuta nikaona kimeandikwa Union, pamoja na maneno ya kwamba kimetengenezwa Uingereza. Hiyo ni chapa ya Josiah Parkes wa Willenhall, mji wa Uingereza uliojulikana kwa kazi ya vitasa, na vitasa vyake vilienea sana kwenye majengo ya Afrika Mashariki. Nilifungua kifuniko. Ndani mlikuwa na vibao vitatu vya shaba vinavyoinuliwa na ufunguo, mfumo ambao mzizi wake ni kitasa cha Robert Barron cha mwaka 1778, na vyote vitatu vilikuwa safi. Grisi ilikuwa imekauka ikawa kama udongo. Na springi bapa iliyo nyuma ya ulimi ilikuwa imekatika, kipande kimelala chini ya boksi, chekundu kwa kutu. Kwa grisi ile iliyokauka na chuma kilicholika pembe, mjukuu alipozungusha, ulimi ulikuwa mzito na haukuitikia.

Hapa nilisimama nikafikiri sana, kwa sababu kitasa kile kinatengenezeka. Unakiosha kwa mafuta ya taa, unakata springi mpya kwenye utepe wa chuma cha springi, unakitia grisi kidogo, unanunua chuma kipya cha katikati, unachonga hesi mpya kwenye shingo ya kishikio, na mlango unarudi kama ulivyokuwa. Kama chumba kingekuwa cha kijana mwenye mikono mizima, ningefanya hivyo, na ningemshauri yeyote afanye hivyo. Shaba ile ni nzito na imetulia mkononi, dukani leo hupati mfano wake kirahisi.

Lakini kishikio cha mviringo kinadai mambo mawili kwa pamoja: kubana na kukunja kifundo. Bibi hawezi kubana. Nilimwomba anionyeshe anavyofungua, akakishika kwa viganja vyote viwili, kama anayefungua chupa ya samli, uso umekunjamana. Mkono wa kusukuma chini, yaani kishikio kirefu kilicholala badala ya cha mviringo, hauhitaji kubana kitu. Unaweza kuushusha kwa kiwiko, kwa ngumi, au kwa ukingo wa mkono huku umeshika kikombe. Nchini Marekani viwango vya ujenzi kwa ajili ya watu wenye ulemavu vinataka kishikio cha mlango kifunguke kwa mkono mmoja bila kubana wala kukunja kifundo, na mji wa Vancouver, Kanada, ulikwenda mbali zaidi: tangu 2014 kanuni zake za ujenzi zinataka mikono ya kusukuma badala ya vishikio vya mviringo kwenye nyumba mpya. Sisi hatuna haja ya kusubiri kanuni ili tumwone mzee wetu anavyohangaika.

Basi uamuzi wa kwanza ukawa mkono wa kusukuma. Hapo wengi husema, chukua mikono, ifunge kwenye kitasa cha zamani, kazi imekwisha, maana chuma cha katikati ni kile kile cha milimita 8. Inaingia, kweli. Baada ya muda mikono inaanza kulegea na kuinama chini kama iliyochoka. Sababu ni kwamba kishikio cha mviringo uzito wake umegawanyika sawa pande zote, hakina upande unaovuta chini, kwa hiyo kitasa kilichotengenezwa kwa ajili yake kiliwekewa springi laini, ya kuusukuma ulimi tu. Mkono wa kusukuma una uzito upande mmoja, na springi inatakiwa iuinue huo uzito kila mara. Ukitaka mikono kwenye kitasa cha zamani, tafuta mikono yenye springi yake ndani ya sahani. Ukipata kitasa kipya chenye springi nzito, bora zaidi. Mimi kwa bibi niliamua nipate vyote viwili.

Uamuzi wa pili ulikuwa kipimo, na huu ndio unaoamuliwa na shimo. Nilipima kitasa cha zamani mambo manne: kina cha boksi, milimita 76, yaani inchi 3, toka bati la mbele mpaka katikati ya tundu la kishikio, milimita 57, toka tundu la kishikio mpaka tundu la ufunguo, tena 57, na urefu na upana wa bati la mbele. Vitasa vingi vinavyouzwa kwa wingi sasa, vile vya silinda, umbali wa matundu yake ni 72 au 85. Ukikichukua kimojawapo, tundu la juu likikaa sawa, la chini linadai kutobolewa upya, shimo linadai kurefushwa, na sahani zinaacha tundu la zamani likichungulia. Lakini vitasa vya kipimo cha Kiingereza vya inchi 3 bado vinatengenezwa kwa vipimo vile vile, 57 kwa 57. Mlango wa miaka ya 1950 na kitasa kilichotoka kiwandani juzi vinaelewana bila kutambulishana, kwa sababu tu kipimo hakikubadilishwa. Nenda dukani na kitasa cha zamani mfukoni, kiweke juu ya kaunta kando ya kipya, tundu juu ya tundu. Usiende na picha ya kwenye simu.

Uamuzi wa tatu ndio ulionipa raha. Mle ndani kulikuwa na mvutano wa faragha na usalama. Kitasa cha ufunguo kina hatari yake kwa mzee: akifunga kwa ndani na kuuacha ufunguo tunduni, kisha akaanguka, wa nje hawezi kuingiza ufunguo mwingine. Familia ilikuwa tayari kumnyang'anya ufunguo kabisa. Bibi alisema, kwa sauti ya chini lakini iliyonyooka, kwamba hajafikia umri wa kulala mlango wazi kama mtoto.

Kipo kitasa cha bafuni cha kipimo hicho hicho cha inchi 3. Juu kina ulimi wa kawaida wa mkono. Chini, mahali pa tundu la ufunguo, kina kipini kidogo cha kuzungusha kwa ndani, na kwa nje kuna kifuniko chenye mfereji. Wa ndani anafunga kwa kipini. Wa nje, ikitokea dharura, anatia sarafu au bisbisi kwenye mfereji na kufungua. Kwa kuwa matundu yako umbali ule ule wa 57, sahani yake inaziba tundu la zamani la ufunguo bila kuongeza tobo. Nilimweleza bibi kwamba atafunga mwenyewe, na kwamba wanawe wanaweza kufungua kwa sarafu akihitaji msaada. Akauliza kama mjukuu naye anaweza. Nikasema anaweza. Akafikiri, akasema, "Huyo ni wangu, hana neno." Hadwea za Tanga nilizozunguka zilikuwa na vya ufunguo tu, hiki kilipatikana Kariakoo, Dar es Salaam, kikaja na basi.

Kazi yenyewe niliianza kwenye bawaba. Kubadili kitasa kwenye mlango ulioshuka ni kupima kwa rula iliyopinda. Niliweka kabari mbili chini ya mlango, nikauinua mpaka mwanya wa juu ukawa sawa kutoka kona hadi kona. Njiti za kiberiti nilizitoa zote. Nilichonga vijiti vya mvule, nikavipaka gundi, nikavigonga kwenye matundu mpaka vikajaa, nikaacha vikauke hadi kesho yake. Ndipo nikatoboa matundu ya kuongoza na kufunga skrubu ndefu zaidi, za milimita 50, zilizopita vijiti na kuingia kwenye mbao nzima ya fremu. Nilipotoa kabari, mlango ulibaki palepale. Nikapaka chaki tena kwenye ulimi wa kitasa cha zamani, nikafunga: alama ikaangukia ndani ya tundu la bati. Binti wa bibi alisema kama ni hivyo si kirudishwe cha zamani tu. Ni swali zuri, na nyumba nyingi jibu lingekuwa ndiyo.

Neno kuhusu mvule, kwa vijana wanaoanza. Vumbi lake linawasha ngozi na kubana kifua, funga pua na mdomo unapopiga msasa. Na wakati mwingine ndani ya ubao mna uvimbe mgumu kama jiwe, na kweli ni jiwe, chokaa inayojijenga ndani ya mti ukiwa hai. Patasi ikikutana nalo inapoteza makali hapo hapo. Kwa hiyo nilipochonga kutanua mahali pa bati la mbele, ambalo kwa kitasa kipya lilikuwa refu kidogo, nilikwenda kwa mikato myembamba, patasi imenolewa, nikisikiliza mlio.

Boksi jipya lilikuwa jembamba kuliko shimo, likicheza kama milimita 3. Wengine huliacha hivyo wakitegemea skrubu za mbele. Matokeo yake kitasa kinayumba kila mkono unaposhuka, na skrubu zinalegea. Nilipasua vipande viwili vya mvule vyembamba, nikavibandika kwa gundi kwenye kuta za shimo, kimoja kila upande, nikahakikisha boksi linaingia kwa kusukumwa na kiganja, bila nyundo. Ukilazimisha kwa nyundo, boksi linabanwa na ulimi unakuwa mzito kama ule wa zamani. Kabla ya kufunga skrubu nilipitisha chuma cha katikati, nikafunga mikono kwa muda, nikaijaribu mlango ukiwa wazi. Ulimi ulirudi wenyewe. Ndipo nikafunga.

Skrubu zilikuwa za shaba, kwa sababu ya hewa ya bahari. Shaba ni laini na mvule ni mgumu. Ukiisukuma moja kwa moja inakatika kichwa. Unatoboa tundu la kuongoza, unaingiza kwanza skrubu ya chuma ya kipimo kile kile ili ikate njia, unaitoa, unaipaka ya shaba sabuni kavu kidogo, ndipo unaiingiza kwa mkono, bila mashine.

Mikono niliyochagua ncha zake zimepinda kurudi kwenye mlango. Kwa nyumba yenye wanawake wanaovaa madera na kanga, hilo si la urembo. Mkono wenye ncha iliyo wazi unanasa nguo mtu anapopita, na mzee aliyenaswa nguo ghafla anaweza kuanguka.

Lilibaki jambo moja la sura. Sahani mpya zina upana wa milimita 40, na kishikio cha zamani kilikuwa na sahani ya mviringo ya 55. Palibaki pete hafifu kila upande, mahali ambapo vanishi haikuwahi kuona mwanga, mvule wake umebaki wa manjano wakati mlango wote umekuwa wa kahawia iliyokolea. Nilipendekeza kupiga msasa na kuupaka ubao mzima wa pembeni. Bibi alikataa. Alisema mlango haujafanya kosa lolote hata ukwanguliwe. Niliisafisha ile sehemu, nikaipitisha vanishi nyembamba ili isishike uchafu, nikaiacha.

Majaribio tulifanya naye mwenyewe. Kwanza kwa kiganja, kisha kwa kiwiko, kisha akiwa ameshika kikombe cha maji. Kipini cha kufungia kilimpa tabu kidogo, ni kidogo kwa vidole vyake, kwa hiyo nilikibadilisha nikaweka chenye bawa refu kinachosukumika kwa upande wa kidole gumba. Halafu mjukuu akapewa sarafu ya shilingi 200, akatoka nje, bibi akafunga, mtoto akafungua. Wakarudia mara kadhaa kwa kuwa mtoto alipenda.

Kishikio cha zamani, chuma chake na kitasa cha Union vimefungwa kwenye kitambaa chenye mafuta na viko kabatini. Siku mlango huo ukiwa wa mtu mwingine mwenye mikono mizima, shimo ni lile lile, vinarudi bila kugusa mbao.

Nilirudi kuukagua baada ya masika, maana unyevu ndio mtihani wa mlango. Mwanya wa juu ulikuwa sawa, ulimi unaingia bila mlio, mikono imelala mstari mmoja na sakafu. Skrubu moja ya sahani ya ndani ilitaka robo mzunguko. Binti yake alisema mama anakwenda msalani mwenyewe usiku.

Mlango wa jikoni wa nyumba hiyo hiyo haujafanyiwa kazi, na hautapata dawa hii. Kitasa chake ni cha kulazwa, yaani boksi lake limelala kuelekea ndani ya mlango badala ya kusimama, boksi la inchi 6 lililopita ubao wa pembeni na kuingia kwenye ubao wa katikati, palipoungwa mlango. Vitasa vya namna hiyo vilitengenezwa virefu hivyo makusudi, ili kishikio cha mviringo kikae mbali na fremu na vidole visichubuke. Shimo lake ni refu na limekata sehemu ya kiungo, kwa hiyo huko kitasa cha zamani kitatengenezwa springi na kubaki, na mikono itakayowekwa lazima iwe ile yenye springi ndani ya sahani. Nimeshamwagiza mkwe aitafute, akiwa na kile chuma cha milimita 8 mfukoni.